Hadithi Isiyotaka Uongo

Hadithi hadithi!

Najua mtaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Jioni ya leo nawaomba mwitikie nusu tu. Hadithi na ije, utamu na ukolee, ila uongo ubaki huko huko uliko. Haya nitakayowasimulia ni ya kweli tupu, na mengine yanashinda kwa maajabu yale yote tuliyotungiwa na bibi zetu penye moto.

Sogeeni. Tuanze na njia mnayoijua.

Ukitoka hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwenda mjini unaishika barabara kuu ya M1, unateremka kusini, unapita Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege, unapita viwanda vya Kanengo, kisha unaingia Lilongwe. Safari haifiki kilometa 50. Mchana utaona minibasi zinagombea abiria, utaona wauza nyanya na mabenki yenye vioo. Usiku, watu wakishalala, mji ule ule una wenyeji wengine. Lilongwe ni mji mkuu wenye fisi. Sisemi fisi wa kizimbani. Nasema fisi madoa walio huru, wanaoshinda kwenye vichaka vya kando ya mito na makorongo, na giza likiingia wanatoka kutafuta mabaki na mifupa katikati ya makazi ya watu. Alfajiri wamesharudi. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia, wakitaka kujua fisi wanawezaje kukaa jirani na binadamu wengi namna ile.

Katika ngano zetu fisi ni mjinga na mlafi. Sungura anamdanganya asubuhi, jioni anamdanganya tena. Mimi mwenyewe nimewasimulia hivyo, na ngano zile nazipenda. Lakini leo nataka fisi apewe haki yake.

Mmoja wenu aliniuliza juzi: fisi si mbwa mkubwa tu? Umbo lake kweli linakaribia la mbwa. Kwa ukoo, hata hivyo, fisi yuko upande wa paka. Ukichora mti wa ukoo wa wanyama wala nyama, tawi moja limembeba mbwa, mbweha na dubu. Tawi la pili limembeba paka, simba, chui, fungo na nguchiro, na fisi amekaa humo, karibu na nguchiro. Mbio ndefu na maisha ya kundi vimemchonga akafanana na mbwa, ila damu yao si moja.

Nyumbani kwa fisi madoa mwenye amri ni mama. Jike ana mwili mkubwa kuliko dume, ndiye anayetangulia kula, na mtoto wake hurithi cheo chake kama mtoto wa mfalme. Mtoto huyo anazaliwa macho yamefumbuka na meno yameshaota. Akikua, taya zake zinavunja mfupa wa mguu wa twiga, na tumbo lake linausaga mfupa ule hata mavi yake yanakauka meupe kama chokaa. Chekeni, lakini yashikeni hayo mavi meupe akilini. Yatatufaa punde.

Watu waliamini pia kwamba fisi anaishi kwa makombo ya simba. Katika miaka ya 1960 mtafiti aitwaye Hans Kruuk alikesha na fisi usiku baada ya usiku huko Serengeti na Ngorongoro, Tanzania. Akaona fisi wanawinda wenyewe, wanawakimbiza nyumbu na pundamilia mpaka wanaanguka. Na kule Ngorongoro, mara nyingi simba ndiye aliyefika baadaye akawanyang'anya. Asubuhi watalii walimkuta mfalme juu ya nyama, na fisi wamemzunguka wakingoja, wakadhani wameelewa yaliyotokea.

Sasa turudi kwenye mavi. Mwaka 1821, huko Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, wachimba mawe walifumua pango lililojaa mifupa. William Buckland, mwalimu wa chuo cha Oxford, alikwenda kuichunguza. Akakuta mifupa ya tembo, ya kiboko, ya kifaru, na ya fisi wengi. Katika Uingereza! Wengi wa wakati ule waliamini kuwa mizoga ya wanyama wa nchi za joto ililetwa kule na gharika la Nuhu. Buckland akaitazama mifupa ilivyotafunwa. Akaona pia madonge meupe yaliyogeuka mawe. Ndipo akamtafuta fisi aliye hai katika maonyesho ya wanyama, akampa mifupa ya ng'ombe aitafune, kisha akalinganisha alama za meno. Zilikuwa zile zile. Kumbe pango lile lilikuwa nyumba ya fisi, nao ndio walioiburuta mifupa yote humo ndani, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati viboko wanaogelea katika mito ya Uingereza.

Nchi ile leo haina fisi hata mmoja mwituni. Lilongwe inao.

Neno moja la hadhari kabla hatujaendelea, nalo si la mchezo. Mwaka 2003, hapa hapa wilayani Dowa, mnyama mmoja alivamia vijiji, akaua watu na kuwajeruhi wengine wengi, na maelfu wakayakimbia makazi yao. Ilidhaniwa kuwa ni fisi mwenye kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humpata mbwa, fisi, hata paka, na humwondolea mnyama woga wake wa kawaida. Ukimwona mnyama wa porini anakujia bila woga, usimsogelee, usimrushie jiwe. Rudi nyuma, mwite mtu mzima. Na ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, uende zahanati siku hiyo hiyo.

Haya. Sasa nyoosha kidole chini, hapo ulipokaa.

Mvua za kwanza zikinyesha, mnajua wenyewe kinachotokea: kumbikumbi wanafumuka ardhini, mnawakusanya kwenye taa, mnawakaanga kwa chumvi. Wamalawi wanawaita ngumbi. Kumbikumbi ni mchwa aliyeota mbawa ili akaanzishe mji wake. Watu humchanganya na sisimizi, lakini ndugu wa mchwa ni mende. Ndiyo, mende yule yule wa jikoni. Msikunje uso, utamu wa kumbikumbi haupungui kwa kujua ukoo wake.

Mchwa wa vile vichuguu virefu ni mkulima. Majani makavu na vijiti anavyovibeba hawezi kuvimeng'enya mwenyewe, kwa hiyo anavitafuna, anavijenga kuwa vitalu ndani ya kichuguu, anaotesha kuvu juu yake, kisha anakula alichokilima. Uyoga mkubwa mweupe unaochomoza juu ya kichuguu wakati wa mvua, ule ambao mama zenu wanauchuma kwa furaha, umetoka katika shamba hilo. Sasa sikilizeni umri wa kilimo hiki. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, watafiti walikuta vichuguu vilivyogeuka mawe vikiwa bado na vitalu vyake ndani, vya miaka milioni 25 hivi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2016. Binadamu tumeshika jembe kwa miaka 12,000 hivi tu. Kwa kilimo, mchwa ni babu yetu wa mbali sana.

Wengi wenu, au wazazi wenu, mliingia Malawi kwa njia ya Songwe, mkapita Karonga. Huenda mlikuwa mmechoka, mmelala dirishani. Ardhi ile mliyoipita imelaza majitu. Mwaka 1924 mwanajiolojia aitwaye Dixey alikusanya huko mifupa mikubwa iliyogeuka mawe, na mwaka 1928 mtaalamu mwingine, Haughton, akaiandika kwa jina la mnyama aliyekwisha kujulikana kwingineko. Ikakaa na jina hilo la kuazima miaka mingi. Baadaye kundi la wataalamu lilirudi kuchimba, na miongoni mwao alikuwamo Mmalawi, Elizabeth Gomani. Mwaka 1993 wakatangaza kuwa mnyama yule si wa kuazima, ni wa peke yake, wakampa jina la nchi: Malawisaurus.

Alikuwa dinosaria mla majani, shingo ndefu na mkia mrefu, meta 10 hivi au zaidi kutoka pua hadi ncha ya mkia. Katika ngozi yake mlikuwa na vipande vya mfupa kama ngao ndogo ndogo. Aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kiunzi chake cha mfano kimesimama leo katika jumba la makumbusho la Karonga lililofunguliwa mwaka 2004, na hilo linanifurahisha kwa sababu ndugu zetu wa Lindi, Tanzania, hawakupata bahati hiyo. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilibebwa vichwani na mabegani na mamia ya wapagazi hadi bandarini kati ya mwaka 1909 na 1913, ikapelekwa Ujerumani. Mmoja wao anasimama Berlin mpaka sasa, kimo chake zaidi ya meta 13. Mtoto wa Karonga anaweza kumwamkia dinosaria wake kwa miguu. Mtoto wa Lindi anahitaji viza.

Lakini kwangu mimi mnyama mzuri kuliko wote wa Karonga si lile jitu. Ni mamba. Gomani alimwandika mwaka 1997, akamwita Malawisuchus. Mamba huyu alikuwa na urefu wa sentimeta 60 hivi, yaani ungeweza kumpakata. Hakuwa na meno yaliyochongoka ya kuchomea kama mamba wa mto Lilongwe. Magego yake yalikuwa na vinundu kama ya mnyama anyonyeshaye, na taya lake liliweza kwenda mbele na nyuma. Alitafuna chakula! Mamba wa leo anang'oa kipande na kukimeza kizima, lakini yule mdogo wa zamani aliketi akitafuna taratibu kama bibi anayekula karanga.

Nao dinosaria hawakuisha wote. Ndege ni wazao wa dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili, na tangu mwaka 1996 China imekuwa ikitoa visukuku vya dinosaria wenye manyoya, mpaka ubishi umepungua. Kesho asubuhi mtazame kuku anavyochakura mlangoni. Tazama magamba ya mguu wake, tazama anavyogeuza kichwa na kukukazia jicho moja. Huyo ni jamaa wa kweli wa majitu yale.

Twende ziwani sasa, maana najua walio wa Uvira, Baraka, Kalemie, Rumonge na Bujumbura wamechoka kusikia habari za nchi kavu.

Ziwa Malawi, ambalo Watanzania wanaliita Nyasa, lina kina cha meta 700 hivi na aina zaidi ya 800 za samaki, nyingi zikiwa haziishi mahali pengine popote duniani. Hakuna ziwa lenye aina nyingi kulishinda. Kule Cape Maclear serikali ilitenga hifadhi ya taifa mwaka 1980 kwa ajili ya samaki hao, na mwaka 1984 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Fikirini: sehemu nyingine watu hulinda tembo, pale wanawalinda samaki wenye urefu wa kiganja.

Wengi wa samaki hao hulelewa mdomoni. Mama akishataga huyakusanya mayai kinywani, anakaa nayo humo siku nyingi, wala hali vizuri muda wote huo. Hata yakianguliwa, watoto wakitishwa wanarudi mdomoni kama vifaranga chini ya bawa. Chambo mnayemwona sokoni Lilongwe amelelewa hivyo. Kampango, yule mkubwa wa jamii ya kambale, ana malezi mengine: baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama hutaga mayai ya ziada ambayo ni chakula cha watoto.

Yuko pia kaligono. Nyinyi mnaosoma shule za hapa mnakijua Kichewa, kwa hiyo niambieni, kugona ni nini? Kulala. Kaligono ni mlalaji. Mwili wake una mabaka kama nyama iliyoanza kuoza. Akitaka kula hushuka mchangani, hulala ubavu, hatikisiki. Vidagaa wanakuja kudonoa mzoga. Mzoga unafumbua mdomo. Sungura wa ngano zetu amejifanya maiti mara ngapi ili aokoe roho yake? Kaligono anajifanya maiti ili ale, na hilo si jambo la kutungwa.

Ziwa Tanganyika nalo lina mwizi wake wa malezi. Ni samaki mwenye madoa na sharubu, jamii ya kambale. Wakati samaki mwingine anataga na kuyakusanya mayai yake mdomoni, huyu anapita kwa haraka na kutaga yake katikati. Mama wa watu anayaokota yote bila kujua. Kambale mdogo anaanguliwa mapema, na humo humo mdomoni anawala watoto wa mwenye nyumba. Mnaotoka Uvira mmeogelea juu ya kisa hiki, na ndagala mliokula walivuliwa katika maji hayo hayo.

Nimewaacha watu wa msituni mpaka mwisho, nao ndio waliokuwa na kitu kikubwa zaidi.

Kila Mkongomani anaijua Radio Okapi. Okapi mwenyewe anaishi katika misitu ya Congo tu. Ana miguu yenye mistari kama pundamilia, mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva, na ulimi mrefu anaoweza kujisafishia masikio. Wambuti wa Ituri walimjua, walimwinda, walimpa jina. Wazungu wenye elimu hawakumjua mpaka Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Uganda, alipoelezwa habari zake na Wambuti wenyewe. Vilipatikana kwanza vipande vya ngozi, wataalamu wa London wakatangaza ni aina ya farasi. Mwaka 1901 likaja fuvu, wakaona wamekosea: ni ndugu wa twiga. Mnyama mkubwa kama ng'ombe, naye alikuwa hajaingia katika vitabu vya sayansi, hali watoto wa Ituri wanamtaja kila siku.

Mwaka 1913, huko huko Ituri, James Chapin kutoka Marekani aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji, asiweze kumtambua ndege wake. Akautunza. Mwaka 1936, akiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akaona juu ya kabati ndege wawili waliojazwa pamba, wameandikwa kuwa ni tausi wa kawaida. Unyoya ukalingana. Alikuwa tausi wa Congo, aina ambayo sayansi haikuwa nayo. Miaka 23 ilipita, na jibu lilikuwa kwa mwenye kofia.

Na samaki aitwaye silakanti, ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, mtu mwenye macho makini, Marjorie Courtenay-Latimer, akamwona katika rundo la samaki. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa. Walikuwa na jina lake tayari: gombessa.

Ndiyo maana mambo ya majina yananigusa. Fisi hapa Malawi ni fisi. Kwa Warundi ni imfyisi, kwa Wanyarwanda ni impyisi. Ndovu wetu ni njovu kwa Wachewa, ni inzovu kwa Warundi na Wanyarwanda. Kwa Wachewa mbuzi ni mbuzi, nyani ni nyani. Mababu zetu waliwataja wanyama hawa kwa ulimi mmoja kabla hawajatawanyika, na sisi tumekutana tena Dowa, katika kambi hii iliyofunguliwa mwaka 1994, tukiwa bado na maneno yale yale mdomoni.

Na wanyama pia husafirishwa. Kati ya mwaka 2016 na 2017 tembo wapatao 500 walihamishwa kutoka hifadhi za Liwonde na Majete, kusini, kwenda hifadhi ya Nkhotakota ambako ujangili ulikuwa umebakiza wachache. Walichomwa dawa ya usingizi kutoka kwenye helikopta, wakanyanyuliwa kwa kreni miguu juu, wakapakiwa kwenye malori, mama pamoja na watoto wao. Majete yenyewe ilikuwa karibu tupu, mpaka vifaru weusi wakarudishwa kuanzia mwaka 2003, na simba mwaka 2012. Na katika kituo cha wanyama cha Lilongwe aliwahi kuishi simba jike mwenye jicho moja, Bella, aliyeletwa kutoka bustani ya wanyama ya Romania.

Sasa nawaomba jambo moja, nanyi mlifanye usiku huu kabla hamjalala. Muulizeni bibi au babu, mama au baba, au jirani mzee asiye na mjukuu hapa: kule kwenu kulikuwa na mnyama gani ambaye huku hamjamwona? Anaitwaje kwa lugha yenu? Anakula nini, analia vipi, hutoka saa ngapi? Andikeni jina hilo kwenye daftari, kama linavyotamkwa, mje nalo kesho jioni. Nitaanza kuwasikiliza walio nyuma.